Majani Kwenye Jivu

Mama alinipigia simu kutoka Ruiri akisema mahindi yake yanageuka manjano na kukauka yakiwa bado machanga. Alitaka kujua kinachoyaua kabla ya kupanda tena. Mimi hufanya kazi katika maabara ya mimea huku Embu, kwa hiyo nikamwambia aniwekee majani machache, nitakuja Jumamosi. Zikapita Jumamosi tatu.

Nilipofika hatimaye, shamba lilikuwa tupu. Mabua yote alikuwa ameyang'oa akawapa ng'ombe, lakini majani yangu aliyatunza. Alishusha kibuyu kutoka juu ya meko, akamwaga jivu kwenye ungo, na majani yakatoka makavu, ya kijivu. "Nimeyaweka kama mbegu," alisema kwa Kimeru, akijivuna. Kwetu mbegu hulala kwenye jivu, na hakuna mdudu anayezigusa.

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hayafai tena; niliyachukua hivyohivyo kwenda kuyapima. Virusi tulivyokuwa tukivishuku hubeba urithi wavyo katika uzi wa RNA, si DNA kama mahindi, na sukari ya RNA ina oksijeni moja zaidi ya sukari ya DNA. Kikulacho ki nguoni mwako: likija jivu lenye unyevu, lililo kali kama magadi, oksijeni hiyo huugeukia uzi wake wenyewe na kuukata vipande vipande. DNA haina oksijeni hiyo. Tena ina nyuzi mbili zilizoshikana, na hata zikiachana, kila uzi hubaki mzima. RNA mara nyingi iko peke yake. Nimewaeleza wanafunzi jambo hilo miaka mingi bila kuhisi chochote.

Jumatatu mwenzangu wa maabara aliangalia matokeo akatikisa kichwa. "Madam, RNA yote imeisha. Lakini DNA ya mahindi iko tu sawa."

Yaani tulikuwa na hakika kwamba mahindi ni mahindi. Nilicheka, kisha nikajichukia. Zile Jumamosi tatu nilizikaa nyumbani kwangu peke yangu, nikifua nguo na kutazama simu, nikijidanganya kwamba nimechoka.

Nikampigia mama. Nilimweleza kwamba jivu ni zuri kwa mbegu, ila ugonjwa huu hutaka jani bichi, liwekwe kwenye barafu siku hiyohiyo. Kosa ni langu, nikasema, nilichelewa, na sasa hakuna jani la kupima.

 Nilisikia kuku wake na redio yake. Sikusikia mtu mwingine.

"Si neno," akasema. "Nitapanda mengine. Yakiugua, utakuja."