Wachezaji Sita na Namba Isiyovunja Mstari

Nakumbuka Jumamosi moja kule Ushetu, mwanangu, baada ya mavuno, mwaka ule niliorudi na diploma yangu. Ndiyo, hiyo hiyo iliyoko ukutani. Itazame vizuri, kisha keti nikusimulie.

Ngoma mbili zilikuwa zinashindania dume la ng'ombe, nawe unaijua kanuni yetu Wasukuma: zinapigwa pamoja, uwanja mmoja, na itakayovuta watu wengi hadi jua kuzama ndiyo mshindi. Wenzetu walikuwa na chatu wa kucheza naye. Sisi tulikuwa na mjomba wangu, manju Masanja, mwimbishaji wa ngoma yetu, na sauti yake ilikwisha kauka. Watu wote walikuwa kwa chatu.

"Mjomba, niachie mimi," nikamwambia. "Chatu hajasoma."

Nikawaandika wachezaji sita vifuani kwa chokaa: moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikatangaza, "Laki moja arobaini na mbili elfu mia nane hamsini na saba! Mwenye simu aizidishe kwa mbili!"

Mama mmoja muuza karanga akabonyeza simu yake ya tochi. Wachezaji wakazunguka, mwenye mbili akatangulia, wengine wakafuata bila kuvunja mstari.

"Mbili, nane, tano, saba, moja, nne," akasoma. Akatazama vifua. "Mayu wane, mama yangu! Ndio hao hao!"

Kwa tatu, akatangulia mwenye nne. Kwa nne, tano. Kwa tano, saba. Kwa sita, nane. Wachezaji wale wale, mpangilio ule ule, kiongozi tu ndiye anabadilika. Watu wakamwacha chatu, wakaja kwetu, hadi akabaki na bwana wake tu.

"Dawa hii umeipata wapi?" watu wakaniuliza.

"Chuoni!"

Mjomba akanivuta shati. "Imetosha. Tuimbe sasa."

Lakini ungekuwa wewe, umati wote unakutazama, ungeshuka? "Tajeni namba yoyote!" nikasema.

"Saba!" akajibu mzee mmoja.

Kwa saba, mwanangu, jibu ni tisa tupu, sita mfululizo. Nilikuwa nalijua, diploma si karatasi ya kufungia maandazi. Ila tisa iko kifuani mwa nani? Wachezaji wakazunguka, wakazunguka tena, wakagongana wakimtafuta kiongozi.

"Tisa tupu!" akapiga kelele mama wa karanga. "Vijana wako wamekwenda wapi?"

Nikaanza kueleza kwamba moja ukiigawa kwa saba, tarakimu zile sita hujirudia bila mwisho. Maelezo hayachezeki. Umati ukaangua kicheko, ukarudi kwa chatu, na dume likaenda huko huko.

Mjomba hakunigombeza. "Namba yako haina kosa, mpwa wangu. Hata chatu wao hulala akishachoka. Ndiyo maana humrudisha kapuni watu wangali wanamtaka."

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Basi, mwanangu, onyesha ulichojaliwa, usikifiche. Lakini jua kinapoishia kabla watu hawajakufikisha hapo, na anayekupenda akikwambia imetosha, shuka.

Mungu akujalie akili kama zangu, na masikio mazuri kuliko yangu.