Ndugu wa Tumbo Moja

Siku ya kwanza niliyoingia pavilioni ya wagonjwa wa akili hapa Kolwezi, nilimkuta Berthe amefika kabla yangu. Blauzi yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi sawasawa, viatu vinang'aa, na Shefu wa Pavilioni, mzee mkali asiyemsifu mtu, alikuwa anamfundisha sindano kwa upole kama anafundisha binti yake. Mi nilipewa ndoo. Basi wivu wangu una umri sawa na kazi yangu, na nyinyi manesi vijana mnaoniuliza kazi ilikuwaje wakati wetu, mtaisikia pamoja na wivu humo humo. Siwezi kuvitenganisha.

Nilikuwa nimetoka disipanseri ya Dilala, kule kwenye nyumba za zamani za kampuni ya mgodi, ambako nilizoea malaria na vidonda. Pavilioni ilikuwa habari nyingine. Mchimbaji mwenye mabega mapana anakwambia redio inamtaja jina. Ulitakiwa kumsikiliza bila kubishana na sauti zake na bila kuzikubali, kisha umchome dawa ya kila mwezi, ile inayobaki ndani ya msuli na kuingia damuni polepole. Madaktari wanauita ugonjwa huo skizofrenia. Mi niliujua kabla ya kulijua jina. Kazadi, mdogo wangu, ulimpata akiwa anamaliza shule, na tangu mama yetu afariki anakaa kwangu.

Hilo ndilo liliniuma kwa Berthe kuliko viatu. Kwao ni Musumba, mbali, njia mbovu, hakuna aliyewajua watu wake. Hapa tulimwona na mume mpole na watoto wanne wanaofaulu shuleni. Yeye jioni anavua blauzi na kuuacha ugonjwa pavilioni. Mi ninaukuta nyumbani umekaa kwenye kiti. Nilimchukia kwa hilo, nasema wazi, ingawa kila asubuhi tulikunywa chai ya sufuria moja.

Kisha akaja Dokta kutoka Lubumbashi kutufundisha habari ya jeni, yaani ule urithi mdogo mdogo ambao mtoto anapata kwa baba na mama. Alituambia tusahau maneno ya laana. Tusahau pia kwamba kuna jeni moja ya wazimu. Ni nyingi sana, alisema, na kila moja ina uzito wa punje ya mahindi. Mtu anaweza kubeba punje nyingi na asiugue maisha yake yote. Akaeleza kwamba ubongo unaanza kujengwa tumboni na haumaliziki mpaka mtu amepita miaka ishirini. Wakati wa ujana unapunguza viungio visivyotumika, kama tunavyong'oa miche iliyosongamana shambani ili mingine inenepe. Wataalamu wanafikiri kwa wengine upunguzaji huo unapita kiasi, ndiyo sababu ugonjwa unapenda kumkuta kijana. Nilipomsikia nilimkumbuka Kazadi na vitabu vyake vya mwaka wa mwisho, na ilibidi nitoke nje kidogo.

Dokta alitufundisha pia kuchora ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na mgonjwa anapakwa wino mweusi. Nikapewa mgonjwa mmoja, mtu wa Kasai kama mi mwenyewe, nikamuuliza ndugu zake. Akanipa ndugu, nikachora ndugu. Akanipa baba watatu, nikachora baba watatu. Dokta Mkurugenzi wa hospitali yetu alipita, akainamia karatasi yangu, akasema, "Mama, hii haiko ukoo. Ni kartie muzima." Walicheka wote, mtaa mzima kwenye karatasi moja. Sisi mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na baba mdogo ni baba. Nani wa kuanza kuwapima? Berthe yeye alikuwa anamuuliza mgonjwa wake taratibu, kila jina: mlitoka tumbo moja? Baba mmoja? Ukoo wake ukatoka msafi, watu kumi na mmoja tu. Mwezi uliofuata Mkurugenzi alimpeleka Lubumbashi kusomea ushauri wa familia za wagonjwa. Mi nikatumwa kwenye kituo cha afya upande wa Kingamyambo, kufuata wagonjwa nyumbani kwao kwa pikipiki za taxi-moto. Nilikula vumbi miaka mingi, na kila gari la pavilioni lililopita nilitazama kama yeye ndiye amekaa mbele.

Miaka hiyo binti yangu Clémentine alikua, akapata mchumba. Mnajua desturi: kabla ya kuleta dote, yaani mahari, upande wa mwanamume unatuma mama mmoja apeleleze nyumba ya msichana. Kuna kifafa? Kuna wazimu? Hawaulizi wenye nyumba, wanauliza jirani na watu wa kazini. Tantine wa kijana, shangazi yake, mama mzito mwenye duka la vitambaa, akaenda moja kwa moja kwa Berthe. Kati ya watu wote wa Kolwezi, jamani, kwa Berthe!

Berthe alimjibu kwamba habari ya nyumba ya mtu haisemwi nyuma ya mgongo wake. Jumamosi akamleta mpaka sebuleni kwangu. Nilipowaona mlangoni wawili, damu ilinipanda. Clémentine alileta vinywaji. Naye Kazadi, aliyekuwa anafagia uwanja, akaingia kusalimia kwa heshima, akazungumza kidogo na mtu ambaye sisi hatukumwona, akarudi kwenye ufagio wake.

Tantine alimgeukia Berthe, akamwonyesha Kazadi kwa kidevu, kisha mimi. "Ule tata eko ndugu yake wa tumbo moja, ao ndugu tu?"

Nilisali Berthe aseme ndugu tu. Ni neno la kweli kwetu, lisingekuwa hata uongo. Lakini Berthe alinitazama mimi, akasema, "Ile si ya kwangu ya kusema. Mama ya nyumba eko hapa." Nilitamani kumpiga na chupa. Nikasema tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja. Tantine akavuta mkoba wake magotini, tayari kuinuka, na Clémentine akaanza kulia pale pale aliposimama.

"Mama, ikala kwanza," Berthe akamwambia. "Mama yangu mwenyewe alikuwa na ile ile ugonjwa. Kule Musumba balikuwa banamufunga kamba. Mi natoka mu tumbo yake, na niko hapa mbele yako, nilizaa batoto ine."

Tantine aliuachia mkoba. Kisha akauliza, "Na moja wa bale batoto anaweza kugonjwa?"

"Anaweza. Na wa kwako pia. Kwetu hatari inazidi kidogo, lakini haiko hukumu."

Akaendelea kumweleza yale ya Dokta, punje na miche, na kwamba mama mwenye mimba ale vizuri, kijana asivute bangi, na mtoto akianza kujifungia na kukosa usingizi aletwe mapema asifichwe. Tantine akauliza mengi. Mwishowe akainywa fanta yake. Dote ililetwa kabla ya mvua.

Mngedhani wivu ulikufa siku hiyo. Wapi! Miaka yote nilimwonea wivu kwa nyumba safi, kumbe alizaliwa karibu na moto kuliko mi. Mi nilificha ndugu. Yeye alificha mama, na siku ya kumtoa alimtoa ili amsaidie mtoto wangu. Hata ugonjwa wa ukoo alijua kuubeba vizuri zaidi yangu. Nani atanisamehe nikisema hilo nalo liliniuma?

Sasa nimestaafu, naye pia. Nikitazama nyuma nawaambia: jifunzeni kuuliza tumbo moja ao hapana, na jifunzeni kutomwogopa mtu kwa jibu lake. Clémentine alizaa msichana, na kwetu jina linatoka upande wa baba. Tantine ndiye aliyelichagua. Mjukuu wangu wa kwanza, niliyemwogesha kwa mikono hii, anaitwa Berthe.

Juzi Berthe mkubwa alikuja kumtembelea Berthe mdogo. Mtoto alishuka magotini kwangu mbio, akamrukia. Kazadi aliacha kufagia, akanitazama usoni.

"Yaya," akasema, kama anavyoniita mi dada yake mkubwa, "uko na wivu."

"Niko nayo," nikamjibu. "Mupelekee kiti, yule mama ya watu asisimame."