Udongo Niliouzoa Kwenye Maji Moto

Mji mdogo uliojengwa kwenye chemchemi ya maji moto, mteremko wa Elgon upande wa Kitale, haukudumu miaka kumi. Leo limebaki hodhi la saruji lililojaa nyasi, na ukuta mmoja wa hoteli. Watu wa Kitale husema vita vya Hitla ndivyo vilivyouua: petroli ilipungua, wageni wakaacha kuja. Nimeyasikia hayo mara nyingi na sijawahi kubisha. Naandika sasa kwa sababu najua sivyo.

Kabla mzungu hajapazungushia seng'enge, maji yale yalikuwa ya wanawake wenye magoti mabovu. Walitoka hata pande za Bungoma, mwendo wa siku mbili, wamejitwika unga. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kila mwaka kabla ya mvua ndefu walileta udongo, wakaukanyaga pamoja na nyasi, wakaziba nao ufa uliokuwa kwenye mwamba upande wa juu, huku wakiimba na kurushiana matope. Nilikuwa mtoto; nilidhani ni mchezo.

Hoteli ilipojengwa walifukuzwa. Wageni walishuka treni Kitale wakaletwa kwa gari. Likafunguliwa duka, kisha ofisi ndogo ya barua, kisha safu ya nyumba za mabati za wafanyakazi. Nilikuwa kijana niliyejifunza kusoma peke yangu, nikaomba kazi ya kutunza hodhi. Niliomba na jambo la pili: mama aruhusiwe kuoga kila Jumatatu alfajiri, kabla wageni hawajaamka. Mwenye hoteli alikubali. Kwa ajili hiyo nilibaki.

Nilipewa kipimajoto na daftari, nikapima maji asubuhi na jioni. Wanawake walionikuta njiani walinicheka.

"Karani wa maji! Leo yameamka na homa?"

"Si uyape kwinini, bana!"

Mimi sikucheka. Nilijiona mtu wa vipimo.

Mwaka wa tatu mwenye hoteli alisimama karibu na ule ufa akauliza mbona mwambani kuna matope. Hakuniamuru kuyatoa. Lazima niliseme hilo wazi, kwa maana kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba aliniamuru. Aliuliza tu. Mimi ndiye niliyechukua sururu, nikabandua udongo wote uliokuwa umekauka tabaka juu ya tabaka, nikasugua jiwe kwa brashi mpaka likang'aa. Akanisifu.

Mvua zilipoanza, maji baridi ya kijito cha juu ya mwamba yakapita kwenye ufa na kuingia chemchemini. Daftari langu lilionyesha joto likishuka wiki baada ya wiki. Nilijua sababu kabla ya mtu yeyote. Nilijaribu saruji, ikang'oka. Sururu yangu ilikuwa imeupanua ufa. Mwenye hoteli alileta mtaalamu, naye akasema moto wa chini ya ardhi umehama. Nilisimama kando yao, daftari kwapani, nikanyamaza. Wageni walipungua. Vita vilipokuja, hoteli ilikuwa imeshafungwa.

Kabla haijafungwa, Jumatatu moja mama aliingia majini akatoka papo hapo. Alijifunga leso, akatazama juu kwenye mwamba.

"Nani ametoa udongo wetu?"

"Ni mimi, Mama. Nilikuwa nasafisha."

"Ati unasafisha?" Alikaa kwenye saruji, akaanza kujikanda magoti. "Kila siku unauliza maji na hicho kijiti chako cha kioo. Mimi si niko hapa? Si ungeniuliza?"

Nilimwomba anifundishe kuchanganya udongo ule. Akasema yeye alikuwa wa kukanyaga tu. Waliojua kuuchagua walifukuzwa, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Niliujaribu wa kichuguu, nikaujaribu wa mtoni. Wote ulisombwa na mvua.

Tulirudi kwetu, karibu na Lugulu. Mpaka alipofariki, kila Jumatatu nilimchemshia maji kwenye debe, nikayapoza taratibu hadi yakafika kipimo kilichoandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Sikukosea hata digrii moja. Mama alitumbukiza miguu, akakaa kwa heshima yangu muda unaotosha, kisha akaitoa.

"Asante, baba," alikuwa akisema. "Sasa wape ng'ombe."