Jogoo Aliyekula Krismasi ya Nyambura

Hata leo nikipita karibu na kanisa letu hapa Bahati nikaona kuku anadonoadonoa kwenye nyasi, mimi huangalia pembeni, maana aibu niliyopata pale Krismasi iliyopita bado haijaniisha, na kama mtaahidi kucheka kidogo tu nitawasimulia.

Binti yangu Nyambura yuko gredi ya pili. Shule zilipofungwa, mwalimu wake, Mwalimu Chelagat (ambaye kanisani ndiye anafundisha watoto Sunday school), aliwapa kazi ya likizo: wafanye mazoezi ya mwandiko wa kuunganisha herufi kwa maneno ya Krismasi, nyota, zawadi, chapati, mambo kama hayo. Sasa Nyambura na mwandiko huo walikuwa hawapatani kabisa. Kila herufi yake ilisimama peke yake kama imegombana na jirani, na wenzake walikuwa wamemcheka mpaka akawa anaandika huku amefunika daftari kwa mkono. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Mwalimu akaniita kando. "Baba Nyambura, wacha aanze kuandika na mahindi. Apange punje bila kuacha nafasi, mkono utazoea. Akiweza, abandike kwa plaiwudi, na siku ya Krismasi nitamsimamisha mbele ya kanisa aonyeshe watu." Nilipokuwa naondoka akaongeza, "Na ununue gundi ya mbao, ile nyeupe."

Hapo kwenye gundi ndipo nilipoharibu. Mimi nina posho mill, mashine ya kusaga mahindi, nashinda nimejaa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, nikajiuliza mtu kama mimi anaendea nini gundi dukani na sisi tukiwa watoto tulibandika kila kitu kwa uji mzito. Mke wangu akasema, "Mwalimu alisema gundi." Nikamwambia gundi na uji ni ndugu. Akaendelea kukanda unga wake wa chapati.

Basi likizo ikaenda, Nyambura akishinda mlangoni pa mill akipanga punje juu ya gunia, leo a na m, kesho s na i, akikosea anafagia kwa kiganja na kuanza upya. Siku moja akaniita, nikazima mashine, nikakuta ameandika "Krismasi Njema", kila neno limeshikana, mkia wa K umeishika r vizuri kabisa. Mkesha wa Krismasi nikapika uji wangu, tukabandika yale maneno kwenye plaiwudi, tukazungushia maharagwe mekundu kama fremu.

Mnajua makanisa yetu: Krismasi watu huleta sadaka ya mazao na mifugo, na baada ya ibada kunakuwa na mnada huko nje. Asubuhi hiyo ndani palikuwa pamejaa, nikaogopa watu wataikanyaga kazi ya mtoto, nikaiegemeza nje ukutani, karibu na kuku wa mnada (walikuwa wamefungwa miguu, nikaona hawana neno). Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kuku aliyefungwa miguu bado ana mdomo.

Mwalimu aliponiambia niilete, nilitoka mbio, nikaibeba bila kuiangalia, nikaiinua juu ya kichwa upande wa maandishi ukitazama watu, na mimi nikawatazama watu, nimevaa suti yangu ya harusi, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Kisha mtu wa nyuma akacheka, halafu kanisa zima. Kwenye ubao palikuwa na fremu safi ya maharagwe na katikati uji wenye alama za midomo, na nyuma yangu, jogoo mwekundu aliyekuwa amekata kamba ananifuata hadi madhabahuni, akiokota punje za mwisho zilizokuwa zinadondoka.

Sikujua nijifiche wapi. Lakini kilichonimaliza ni uso wa Nyambura, kwa sababu mdomo ulikuwa umeanza kutetemeka na mimi ndiye niliyemponza. Nikapiga magoti nimwombe msamaha. Hakunisikiliza. Alichukua chaki kwa mwalimu, akaugeuza ule ubao, akaandika "Krismasi", hakuinua mkono mpaka neno likaisha, akavuta pumzi, akaandika "Njema". Kina mama wakapiga vigelegele na mimi nikalia hadharani, suti na yote.

Kwenye mnada, mzee wa kanisa alimwinua yule jogoo. "Huyu ameshasoma, kwa hivyo bei yake si ya kuku wa kawaida. Baba Nyambura, anza." Kila nikitaja bei mtu anaipandisha kwa kunichokoza tu, na nikarudi nyumbani na jogoo wa bei ya mbuzi. Nilipouliza kisu kiko wapi, Nyambura akasimama mbele ya jogoo.

"Huyu hatumchinji, Baba. Kama hangekula mahindi, singejua naweza na chaki."

Basi yupo hapa mill mpaka leo, ananenepa kwa mahindi yanayomwagika, na kila akinitazama nadhani ananicheka. Juzi Mwalimu Chelagat alituma kazi ya Pasaka, maneno ya kuandikwa kwa mchanga na gundi. Nilizima mashine wateja wakiwa wamepanga foleni, nikaenda dukani.