Maili Nne Kutoka Nyumbani

Nilikuwa namkata kucha za miguu aliponiambia kwamba akifa anataka majivu yake yapelekwe Uswidi.

Nikamwambia, "Bibi, tuliza mguu, nitakukata nyama." Kwetu maiti haichomwi. Habari za majivu nilishazizoea kazini, lakini kuzoea si kupenda, na siku ile sikutaka kuzijibu.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Uswidi una nani?"

"Bibi yangu, mama yake mama. Alitukimbia."

Alisema "alitukimbia" utadhani na yeye alikuwepo, wakati hata mimba yake haijatungwa.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Yule mama nilimtunza miaka mitatu, ghorofa ya kumi na moja, basi moja tu la barabara ya Kipling kutoka kwangu Rexdale, hapa hapa Toronto. Nikitoka kwake jioni nilikuwa nakwenda darasani, maana sekondari niliiachia kidato cha pili na nimeirudia huku nina watoto wakubwa kunishinda kimo. Siku ya kwanza nilipomwita Bibi alinikatalia. "Mimi si bibi yako." Nikamwambia mtu ninayemwogesha mgongo siwezi kumwita kwa jina lake kama tumesoma wote. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo nikawa namwita Bibi, na yeye siku akiamka vibaya alikuwa ananiita Mchungaji, kwa sababu nilikuwa siweki chakula mbele yake bila kuomba.

Alizaliwa Minnesota, shambani. Wazee wake walitoka Uswidi kwa njaa, wakapata ardhi, wakalima ngano na mahindi, wakajenga kanisa la mbao wakati wao wenyewe bado wanalala kwenye vibanda vya udongo. Yeye aliolewa na Mkanada akaja Toronto. Lakini kilichomkaa moyoni maisha yake yote kilitokea kabla yake. Bibi yake aliacha watoto wanne, mdogo kabisa akiwa na miaka mitatu, akapanda meli akarudi kwao Uswidi. Ndivyo walivyoambiwa na baba yao. Yule mdogo wa miaka mitatu ndiye aliyekuja kumzaa Bibi wangu.

"Mama alikuwa anamwandikia barua," aliniambia. "Tangu alipojua kuandika mpaka alipoolewa. Anampa babu azipeleke posta. Hakujibiwa hata moja."

"Labda hazikufika."

"Au zilifika. Nataka nilale alipolala yule mwanamke. Nimuulize kwa nini."

"Na akikujibu?"

"Basi nitakuwa nimejibiwa. Kata kucha, Mchungaji."

Mwanawe, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, alikuwa anakuja kila Jumapili na mikate ya mdalasini. Alishatafuta mwaka mzima kwenye kompyuta, orodha za meli, orodha za bandari. Alikuwa amepata mwanamke wa jina lile lile aliyefia kijiji kimoja huko Uswidi, umri unakaribiana. Akaamua ndiye. Alishaandikiana na wasimamizi wa makaburi ya huko na nafasi ilishapatikana. Kilichobaki ni mama yake kufa, naomba Mungu anisamehe kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kulikuwa na karatasi moja ambayo yeye aliiona haina maana. Ilikuwa picha ya ukurasa wa kitabu cha kanisa lao la Minnesota, imeandikwa Kiswidi kwa mkono. Bibi alinirushia kwenye meza. "Wewe unayesoma jioni, tusomee."

Kiswidi sijui hata salamu. Lakini ule ukurasa niliusogeza karibu na dirisha. Nilikuwa naujua.

Lazima nieleze. Sisi Walutheri wa Iramba, kule Singida, Injili tuliletewa na watu wa huko huko. Wamisionari waliowakuta babu zetu walikuwa Wamarekani, lakini wazazi wao Waswidi. Pamoja na nyimbo na zahanati walituletea kitabu. Kila nyumba ina ukurasa wake. Baba juu, mama chini yake, halafu watoto kwa kufuatana. Pembeni kuna vyumba vyenye mistari: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, na mwaka kwa mwaka tarehe ambazo mtu amekaribia Meza ya Bwana. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kitabu kilikuwa kinakaa kwetu kwenye sanduku la bati. Nimekua namwona akikijaza Jumapili baada ya chakula, amevaa miwani, hatutakiwi kupiga kelele.

Katika kitabu kile mtu akihama panaandikwa amekwenda wapi, kwa sababu anapewa cheti. Akifa panawekwa msalaba na tarehe. Na akitengwa, akiwa amekataa kusimama mbele ya watu na kutubu, haandikwi kitu. Vyumba vyake vinabaki vyeupe, na kwa wanaokijua kitabu hakuna neno zito kuliko weupe ule.

Dada yangu mkubwa ana mstari wa namna hiyo. Alipata mimba kwa mume wa mtu. Wazee wakamwita, baba yetu akiwa ni mmoja wao. Akawaambia yeye atatubu siku mwanamume naye atakaposimama. Mwanamume alikuwa anaimba kwaya. Hakusimama. Dada alikufa kwenye uzazi mwaka ule ule, na mtoto. Kengele haikupigwa. Mwinjilisti alikuja mpaka barabarani akasimama, hakuingia. Majirani walimzika mwisho wa shamba letu la alizeti, mimi nina miaka kumi na miwili, nimebeba ndoo ya maji ya kunawa. Miaka miwili mitatu baba akilima alikuwa akifika pale anageuza ng'ombe wa plau, anapazunguka. Halafu mwaka mmoja hakupazunguka.

Basi ukurasa wa Kiswidi ulikuwa mezani. Mume ana tarehe zake za Meza ya Bwana mwaka hadi mwaka, amejaa. Mke ana tarehe miaka sita, halafu vyumba vyeupe mpaka mwisho wa ukurasa. Hakuna cheti cha kuhama wala msalaba. Yule mama alikuwa ametengwa, na kwa nilivyouona ukurasa ule hakupanda meli yoyote.

Nilimwambia Bibi, "Sijui Kiswidi." Na huo haukuwa uongo, ila Mungu anajua ulifanya kazi ya uongo.

Nilikaa na jambo lile wiki nzima. Nilijiambia moyo wake ni dhaifu. Nilijiambia mimi ni mfanyakazi tu. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu kwa ajili ya kanisa. Ningemwambiaje mtu wa nje kwamba najua habari ya weupe ule, na nimeijulia wapi? Binti yangu nilimweleza nikiwa napika. Yeye Kiswahili anakielewa chote, kujibu ni Kiingereza. Akauliza, "Kwa hiyo utawaacha wampeleke kwa mwanamke mwingine?" Nikamwambia achambue mchele. Akasema, "Mama, wewe ndiye unayetuambia kila siku tusiseme uongo." Nikamfokea. Halafu usiku ule kuomba kukanishinda, jambo ambalo hata msibani halijawahi kunitokea.

Jumapili nilikwenda, ingawa haikuwa zamu yangu. Mwanawe alikuwepo. Nikawaeleza ukurasa, chumba kwa chumba, kwa kidole.

Mwanawe akaniambia, "Kwa heshima, mama, hapo hapajaandikwa kitu."

"Ndiyo. Ndicho ninachokwambia."

"Huwezi kuthibitisha jambo kwa nafasi tupu."

"Waandikie kanisa lao. Waulize muhtasari wa vikao vya wazee wa miaka ile. Kwenye ukurasa huu hawaandiki, lakini kwenye muhtasari huwa wanaandika."

Bibi alikuwa ananitazama mimi, si karatasi. "Umejuaje?"

Nikamwambia habari ya dada yangu. Sikuwahi kumwambia mzungu yeyote, na kanisani kwetu hapa Toronto nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo tuliwafuata mpaka huko kwenu na kile kitabu." Hakuwa anacheka.

Kanisa bado lipo, dogo, wamebaki wazee wachache. Karani wao alijibu kwa barua pepe baada ya wiki mbili, ameshatafsiri mwenyewe. Mwanawe alitusomea amesimama, koti hajavua. Kikao cha wazee: mke wa fulani amekataa kurudi nyumbani kwa mumewe, na amekataa kutubu mbele ya usharika. Ametengwa. Mumewe ameshauriwa awe mpole wa mkono. Mistari miwili mbele, mume huyo huyo amechaguliwa kukusanya sadaka. Kikao cha mwaka uliofuata, wakati wa baridi kali: yule mwanamke aliyekuwa kibarua kwenye shamba la mtu mwingine, maili nne mashariki, amekufa kwa homa ya mapafu. Azikwe nje ya uzio wa kanisa, upande wa kaskazini, bila ibada.

"Maili ngapi?" Bibi akauliza.

"Nne, mama."

"Rudia."

"Maili nne."

Nilishika mkono wa Bibi nikawa nahesabu mapigo, maana ndiyo kazi yangu.

"Mama yangu alikuwa anaandika barua za Uswidi," alisema. "Miaka kumi na mitano. Na yule mzee anajua amekufa, anazipokea, anasema nitazipeleka mjini. Maili nne! Alipokuwa hai, hata mtoto angekwenda kwa miguu akarudi kabla ya chakula."

Kisha akalia, na ulikuwa ule mlio wa mtu asiyejua kulia, kama mlango wenye kutu. Mwanawe akawa anamwambia ni mambo ya zamani. Bibi akamwambia anyamaze. Akanigeukia. "Mchungaji, mimi miaka themanini nimemchukia nani?"

Nilimwambia tuombe, akasema hapana, leo hapana. Basi niliomba kimoyomoyo nikiwa nabadilisha shuka.

Habari mbaya ya pili ilikuja kwenye barua ya pili. Kile kipande cha nje ya uzio kiliuzwa zamani kwa shamba jirani. Kinalimwa mahindi. Hakuna jiwe, hakuna anayejua hasa ni wapi, labda hatua thelathini hivi za mtu mzima kutoka uzioni. Mwanawe alitaka turudi kwenye mpango wa Uswidi, au apatikane pahali pazuri hapa hapa Toronto penye miti. Alisema, "Mama, watakulima."

"Si wanamlima yeye?"

"Hutakuwa na hata alama."

"Wanisimamishie alama ya nini? Nipeleke nje ya uzio. Na usilete mtu wa kanisa."

Hapo nikasema, "Bibi, hilo la mwisho lifikirie."

Akaniangalia sana. "Wewe dada yako kanisa limemfanya vile, na kila Jumapili unakwenda. Unakwenda kufanya nini?"

Nikamwambia nakwenda kwa Bwana, si kwa wale wazee. Nikamwambia Yeye mwenyewe alisulubiwa nje ya lango. Sikusema kwa kuhubiri, ndicho ninachokiamini, na sijapata kingine cha kushika. Bibi akasema, "Hmm." Kesho yake akamwambia mwanawe: mtu wa kanisa hapana, lakini yule karani aliyetafsiri, kama anataka, aje asimame. Ndani ya shamba, asibaki barabarani.

Alifariki mwezi wa nne, mchana, mdomo wazi, mimi nikiwa namlowanisha midomo kwa pamba. Mahindi kule yalikuwa ndiyo yanapandwa. Mwenye shamba aliwaambia wasubiri avune. Kwa hiyo majivu yake yalikaa kwenye kabati la mwanawe kiangazi kizima, karibu na vikombe, jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nahisi vibaya.

Mwezi wa kumi na moja mwanawe aliendesha gari siku mbili. Alinipigia akiwa huko huko. Alisema upepo ni mkali, yamebaki mabua tu, uzio wa kanisa ni waya mpya. Karani alikuja, mzee mwenye fimbo, akaruka mfereji kwa shida akaingia shambani. Hakusoma kitu. Alitaja jina la yule mwanamke kwa sauti, halafu jina la Bibi, akavaa kofia yake.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nilihesabu hatua thelathini. Nikayamwaga majivu hapo. Sijui kama ndipo. Hakuna atakayejua."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikata simu nikaangalia saa. Kwetu ilikuwa jioni, jua halijazama. Nikampigia baba.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Baba, kile kitabu cha washarika bado kipo?"

"Kipo ofisini kwa mchungaji. Mimi kazi hiyo nimeacha siku nyingi, macho hayaoni. Kwa nini?"

"Nataka ukaandikishe habari za dada."

Nikasikia kuku, na mtu akitwanga kwa mbali.

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

"Najua, baba."

"Niandikishe nini?"

"Tarehe aliyofariki. Na mahali alipozikwa."

"Tarehe siikumbuki."

"Mimi naikumbuka. Nitamtajia mchungaji mimi mwenyewe. Ninachokuomba wewe ni mahali. Majirani waliomzika wamekufa wote, na mimi nilikuwa mtoto, naona alizeti tu. Anayejua ng'ombe walikuwa wanageuzwa wapi ni wewe."

Baba akamwita kaka yangu mdogo, nikasikia anamwambia amletee fimbo.

"Usikate," akaniambia. "Ni mbali kidogo na nyumba, na mimi siku hizi natembea polepole."