Mbuzi Huuzwa na Kamba Yake

Vijana wakiniuliza jinsi ya kununua gari jipya bila kuumizwa na bei, huwa nawaambia wakae kitako kwanza, maana jibu langu lina mbuzi ndani yake, lina wokovu, na lina mama mkwe wangu.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Tulikuwa tukiishi Ruiru, mimi, mume wangu na mama yake, katika vyumba viwili nyuma ya duka la mshonaji. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la shamba la kahawa. Mimi nilikuwa nikiuza kabichi na viazi sokoni. Mama mkwe alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Alikuwa akiwafuata upande wa Ngoliba, kwenye ukavu, ambako mbuzi ni wengi na majani ni machache, kisha anawaleta Thika siku ya soko.

Zile karatasi za serikali ya mkoloni za kuruhusu Mkikuyu kusafiri, zilizotufunga kama kuku kwa miaka ya Hali ya Hatari, zilikuwa zimeanza kulegezwa, na sisi tukauona mlango. Huko Gatundu kabichi zilikuwa zikioza shambani, au zikinunuliwa kwa bei ya kutupa na mwenye lori mmoja aliyejua kwamba hakuna mwingine. Tukipata pikapu, tutakuwa huyo mwingine. Mume wangu akaacha kazi. Mama akauza karibu mbuzi wake wote, hata yule mweusi aliyekuwa akizaa mapacha. Kwa hiyo ninaposema tulikuwa na pesa, elewa kwamba tulikuwa na zile tu. Nyuma yake hapakuwa na nyingine.

Utauliza, kwa nini gari jipya? Mume wangu alikuwa ameishi nusu ya ujana wake akiwa amelala chali chini ya magari ya watu wengine. Alijua kwamba gari kuukuu hununuliwa mara ya kwanza kwa mwenyewe, kisha linanunuliwa tena kila mwezi kwa fundi.

Sasa nikueleze habari ya wokovu. Mume wangu alikuwa ameokoka, tena katika lile kundi la ndugu waliosema ni lazima mtu atembee nuruni. Kutembea nuruni maana yake hufichi kitu. Ukikosana na mtu unasema, ukitamani kitu unasema, na ukiulizwa unajibu yote. Ni jambo zuri sana katika ndoa, na sijajuta. Lakini mtu wa namna hiyo hafai kutumwa peke yake kununua gari.

Alikwenda Thika asubuhi moja akiwa amevaa suti yake ya kanisani. Duka la magari lilikuwa na kioo kikubwa mbele, na ndani yake pikapu ya kijani. Muuzaji alikuwa Mzungu mwenye shingo nyekundu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamuru watu shambani. Akamtazama mume wangu kwenye mlango.

"Wewe dereva ya nani?"

"Si dereva wa mtu, bwana. Nimekuja kununua."

"Nunua nini?"

Hapo mume wangu akatoa ushuhuda. Akamweleza kwamba tumeomba Mungu, kwamba pikapu hii hii ya kijani ndiyo aliyoiona moyoni, kwamba ameshaacha kazi, kwamba mama yake ameuza mbuzi, na kwamba pesa zetu zinafika kiasi kadha. Akamwelekeza hata tunakoishi: nyuma ya mshonaji, mkabala na kanisa la mabati.

Yule bwana akasikiliza kwa adabu kuliko alivyotarajiwa. Kisha akataja bei ya gari. Ilikuwa sawasawa na pesa zetu zote.

Mume wangu alirudi na furaha. "Mungu ni mwema," akasema. "Imelingana kabisa!"

Mama mkwe alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa. Alikuwa akimwita mwanawe "baba", kama mama zetu wanavyofanya kwa mtoto aliyepewa jina la babu yake mzaa mama. "Baba," akasema, "na bima?"

Mume wangu akavua koti la suti.

"Na leseni ya barabara? Na turubai la kufunika kabichi? Na petroli, au utaisukuma mpaka Gatundu?"

"Bima ni juu yetu, maitu," akamjibu mama yake. "Alisema bei ni ya gari tu."

"Basi umenunua kibanda cha kuku cha rangi ya kijani. Kitakaa hapa uani na sisi tutakitazama."

Hapo ndipo nilipoelewa hatari yetu. Wakati ule, askari hakuhitaji sababu kubwa ya kumshusha mtu wetu kwenye gari. Bila bima na leseni, gari lingekamatwa kabla halijafika Juja. Kazi tulikuwa tumeiacha na mbuzi walikuwa wameondoka. Kama yule bwana asingeshusha bei, tungekuwa na gari lisilotembea na njaa inayotembea.

Mama akakausha mikono yake. "Kwenye soko la mbuzi," akasema, "mjinga huuliza bei ya mbuzi. Mimi huuliza bei ya mbuzi na kamba yake. Mtu akikuuzia mbuzi kisha akafungua kamba abaki nayo, utamfikishaje mbuzi nyumbani?"

Hili ndilo neno la kwanza ninalotaka ulishike. Bei ya gari si ile inayotajwa dukani. Ni ile utakayokuwa umetoa wakati magurudumu yanagusa barabara na askari hana la kukufanya. Ukibishania nambari moja peke yake, utashinda hapo na kushindwa pengine.

Lakini ilibaki shida ya mume wangu. Sasa tungebishanaje, na yeye akiulizwa anasema yote? Nikapendekeza abaki nyumbani. Akakataa, maana ni yeye aliyejua injini. Mama ndiye aliyepata dawa.

"Ulipokwenda kumposa huyu," akasema, akininyooshea kisu cha viazi, "ulisema neno gani kwa baba yake?"

"Sikusema kitu. Mwoaji hasemi. Husemewa."

"Ulidanganya?"

"Hapana."

"Basi."

Kwa wale wasiojua desturi yetu: siku ya kuzungumza mahari, kijana anayeoa huketi kando kama mgeni, na msemaji ndiye anayesema. Moyo wake unaweza kuwa unaruka kama chura, lakini mdomo haumhusu. Hiyo si hila. Ni hekima, kwa sababu anayetamani sana hawezi kupatana vizuri.

Tukaenda Thika watatu. Mama alivaa lesu yake ya soko, yenye harufu ya mbuzi, kwa makusudi. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji, maana nilikuwa nimesoma kidogo na sikuogopa.

Muuzaji akatabasamu alipomwona mume wangu. "Ah! Leta pesa?"

Mume wangu akaketi kwenye kiti karibu na mlango, akaweka kofia kwenye goti, akanyamaza.

Nikauliza habari za gari jingine kwanza, jeupe. Kisha nikazunguka ile ya kijani polepole. Mume wangu alikuwa amenifundisha njiani nitazame nini. Matairi yalikuwa yamebonyea upande wa chini, kama ya gari lililosimama mahali pamoja muda mrefu. Rangi ya upande wa kioo ilikuwa imepauka kwa jua.

"Bwana," nikasema, "hili limekaa hapa tangu kabla ya mvua za masika."

"Hii gari mpya!"

"Ni jipya, ndiyo. Ni jipya la zamani."

Mama akacheka kwa sauti. Nikataja tunachotaka: bima ya mwaka mzima, leseni, turubai, tairi la akiba lisilochakaa, tangi lijazwe, na yote yawe ndani ya ile ile bei aliyoitaja.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Hapana! Bei nakuja kutoka Nairobi. Bei ni bei. Hapa si soko ya mbuzi."

"Angejua," mama akanong'ona kwa Kikuyu.

Basi yule bwana akafanya kile nilichokuwa nikikiogopa. Akanipita, akamwendea mume wangu pale mlangoni, akasimama mbele yake. "Wewe. Sema kweli. Wewe iko na pesa, hapana?"

Mama akafumba macho. Nilijua atajibu, na nilijua atajibu kweli.

Akasimama, akavaa kofia. "Ninazo, bwana. Zote ulizotaja. Zimo hapa kifuani." Akaupapasa mfuko wa koti. "Na hivi sasa zinarudi nami Ruiru."

Akatoka. Sisi nyuma yake.

Nataka kukuambia ukweli kuhusu kuondoka, kwa maana watu hufundisha jambo hili vibaya. Husema, ondoka, muuzaji atakukimbilia. Hakutukimbilia. Tulitembea barabara nzima mpaka stendi, na mama akanikataza kugeuka, na nyuma yetu hapakuwa na mtu. Kuondoka kwa kuigiza hakufai kitu, mwenye duka anakunusa. Ondoka ukiwa umekubali kweli kwamba utarudi nyumbani bila gari. Sisi tulikubali, na ilituuma.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Mwenye lori wa Gatundu alipata habari, akapita sokoni kwangu akanunua kabichi moja ili anitanie. "Mama pikapu! Umeiegesha wapi?" Nikamwambia imeegeshwa Thika, inapumzika. Watu wakacheka pamoja naye, na mmoja akanishauri tuzipeleke pesa kabla yule Mzungu hajabadili nia. Msimamizi wa shamba akampelekea mume wangu salamu kwamba lori lingali likimngojea, akija kuomba vizuri. Jioni ile mume wangu aliomba sana, lakini lile ombi la msimamizi hakuliomba. Mama aliendelea kumenya viazi.

Kisha mchana mmoja, mwezi ukiwa unaisha, tukasikia honi mkabala na kanisa la mabati. Pikapu ya kijani. Na ndani yake, akifuta jasho, yule bwana mwenyewe.

Alijua nyumba, si unakumbuka? Mume wangu alimwelekeza. Na alijua jambo jingine pia: kwamba pesa zipo, zote, taslimu, kwa mtu asiyedanganya. Baadaye tulisikia kwamba magari ya mtindo mpya yalikuwa yamekwisha shuka Mombasa, na kwamba wale walowezi aliokuwa akiwategemea walikuwa wakiuza magari yao, hawanunui. Nilikuwa nimeulaumu ule ushuhuda wa mume wangu siku zote zile. Kumbe ndio uliomleta mlangoni petu.

Mama akatoka, akamtazama tangu viatu hadi kofia.

"Karibu, kijana."

Nadhani hakuwahi kuitwa hivyo tangu afike nchi hii. Akaketishwa kwenye kigoda. Akaanza, "Sasa, hii gari..." Mama akainua mkono. Mgeni hasemi shida yake kabla hajanywa. Nikamletea uji mchachu katika kibuyu. Akautazama, akatutazama, akanywa. Lazima nimsifu, aliumaliza.

"Haya," mama akasema. "Sasa sema kilichokuleta."

Akakohoa. "Mimi nataka nyinyi nunua hii gari."

Mama akanigeukia, macho yake yakimeremeta. "Umesikia? Ameposa."

Maana kwetu, mwenye kutaka ndiye anayekwenda nyumbani kwa mwenziwe. Kule dukani sisi ndio tuliokuwa waposaji. Pale kwenye kigoda mambo yalikuwa yamegeuka, na yeye, nafikiri, alihisi hivyo ingawa hakujua jina lake.

Nikarudia yale yale ya dukani. Akasema bima ni ghali. Nikakubali kwamba ni ghali, ndiyo maana tunataka ailipe yeye. Akakubali leseni, turubai, tairi na petroli, akagoma kwenye bima. Nikamwambia aongeze uji. Mwishowe akaangalia barabara, akaangalia ile safari ndefu ya kurudi na gari lisilouzwa, akasema, "Sawa. Na bima."

"Na kamba," mama akasema.

"Kamba gani?"

"Ya kufungia turubai."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka bila kumcheka mtu.

Mambo ya karatasi yalimalizwa Thika, na tukarudi jioni mume wangu akiendesha, mimi katikati, mama dirishani. Kabla ya Ruiru tukakuta kizuizi. Askari akamulika ndani kwa kurunzi.

"Gari la nani hili?"

"Langu," mume wangu akasema.

"Nimeuliza la bwana gani."

"Nami nimekujibu. Ni langu, la mke wangu, na la mama."

Askari akazunguka gari lote. Akapiga tairi teke, akafungua nyuma, akatafuta. Akarudi mbele, akaelekeza kurunzi kwenye kioo, akasoma bima, akasoma leseni, akazisoma tena. Hakupata kitu. Mama akashusha dirisha akamuuliza kama anataka kununua mbuzi.

Akatuinulia kizuizi.