Pipi za Mama Afya

Jina la Mama Afya hakujipa mwenyewe. Alipewa na majirani siku alipomnyang'anya mtoto wa watu biskuti ngazini, akamsomea maandishi ya nyuma ya pakiti mpaka mtoto akaangua kilio. Yeye akalipokea jina hilo kama cheo.

Kazi yake ilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kutwa aliketi nyuma ya kaunta, akiandika majina na kuwatuliza akina mama, huku ndani mtoto akipiga mayowe kama anachinjwa. Ukisikia hayo kila siku, huwezi tena kuiangalia pipi kwa jicho jema. Kwa hiyo alipomwona kwenye simu mwanamke mmoja mwenye jiko jeupe pe, lisilo hata na sufuria chafu, akigeuza juisi ya matunda kuwa pipi laini za kutafuna, aliona kabisa kwamba ameitwa yeye.

Jumamosi alipekua mikoba ya watoto wake, msichana na mdogo wake wa kiume, akatupa kila kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa.

"Kuanzia leo," akatangaza, "nyumba hii inakula pipi za matunda. Nitazitengeneza mwenyewe."

"Zina sukari?" mdogo akauliza.

"Hata chembe."

Watoto wakatazamana kama waliofiwa.

Akakamua nanasi, akachanganya na jelatini, ule unga wa kugandisha, akamimina kwenye trei za barafu na kuzisukumia ndani ya friji. Jioni zikatoka kama zilivyoingia: maji. Mumewe, ambaye ni fundi wa friji, akaitwa mbio.

"Baba watoto, friji lako limekufa."

Mume akaingiza mkono, akapapasa, akatoa trei na kuitikisa. "Friji ni zima. Mgonjwa ni huyu. Hebu niambie, hii inatafunwa au inanywewa?"

Baadaye Mama Afya alikuja kusoma kwamba nanasi lisilochemshwa haliachi jelatini igande. Friji, hata hivyo, halikuombwa radhi.

Mara ya pili alitumia maembe, na jelatini akaitia kwa hasira. Zikaganda. Tena zikaganda hasa. Mdogo alianza kutafuna moja taarifa ya habari ilipoanza, na walipofika kwenye hali ya hewa bado alikuwa nayo. Ya pili ilimponyoka, ikadunda sakafuni, ikapotelea chini ya kabati. Msichana alizipeleka za kwake shuleni akarudi na ripoti nzuri.

"Mama, zinafuta penseli kuliko ufutio wangu."

Hapo ndipo asali ilipoingia. Kwanza kijiko, eti cha kulainisha tu. Watoto wakakunja nyuso kidogo kuliko jana, basi akaongeza. Wakaacha kukunja, akaongeza tena. Walipoanza kuomba wenyewe, chupa ilikuwa imebaki na nyuki waliochorwa kwenye lebo.

"Asali siyo sukari," alimweleza mumewe. "Asali ni dawa."

"Basi kwa dozi hii tutapona hata magonjwa ambayo hatujayaugua."

Mama Afya alishampa mgongo. Alikuwa anapakia bakuli la kupeleka kazini.

Daktari mwenye kliniki alizipenda kabla hata ya kuzionja. Aliamuru ziwekwe kaunta, na juu yake kibao: PIPI RAFIKI WA MENO. Shida ikawa joto. Kufika adhuhuri pipi zote zilikuwa zimeyeyuka na kushikana, zimekuwa bonge moja kama sabuni iliyosahauliwa bafuni. Mama Afya hakukubali kushindwa. Akazidisha jelatini, akazianika dirishani, mpaka ukiivuta moja inavutika kama soli ya kiatu kipya.

Siku hiyo chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Mama mmoja, mwanawe ameshika shavu, akauliza, "Daktari, kweli hazidhuru hizi?"

"Zidhuru? Niangalieni!" Daktari akachukua ya embe, akaitafuna kwa madaha, uso ameuinua ili watoto wote waone. Taya zikapanda, zikashuka, zikapanda. Zikakwama. Akavuta. Pakasikika mlio mdogo, kwap, na Daktari akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Jino lake la nyuma lilikuwa limevishwa kofia ya bandia. Sasa kofia hiyo ilikuwa ndani ya pipi, inang'aa kama jiwe la pete.

Daktari wa meno hajing'oi wala hajizibi. Daktari mwenzake aliyekuwa karibu ni yule wa ng'ambo ya barabara, ambaye miaka yote Daktari alikuwa akimwita seremala mbele za wagonjwa. Mama Afya ndiye aliyepiga simu kumwombea nafasi. Alipoulizwa jina la mgonjwa alilitaja kwa sauti ya chini sana. Upande wa pili kikasikika kicheko kilichozibwa kwa kiganja, halafu mtu akasema kwa adabu, "Mwambie aje sasa hivi, na asile kitu."

Daktari alirudi jioni, nusu ya mdomo imelala kwa ganzi.

"Umetia nini humo?"

"Matunda, Daktari. Jelatini. Na asali kidogo."

"Kidogo cha nani?"

Mama Afya akainamisha kichwa. Daktari akang'oa kibao mwenyewe, akamwaga bakuli kwenye ndoo ya taka, akaingia ndani na kufunga mlango. Nyumbani, mume alipohadithiwa, alicheka mpaka akashikilia friji asianguke. Mke alinuna, akaapa kwamba jelatini haitaingia tena nyumbani kwake.

Kesho yake yule mama wa jana akarudi na mwanawe. Akainama juu ya kaunta, akanong'ona:

"Dada, zile pipi zinazong'oa meno bila sindano, bado zipo? Huyu lake linacheza, na akiona koleo anazimia."

Mama Afya akautazama mlango wa Daktari. Ulikuwa umefungwa. Akatoa kalamu na kipande cha karatasi.

"Atapenda za embe," akauliza, "au za pasheni?"